Paka wa kukamata panya naye anahitaji kulishwa

MAHINDI yakishavunwa na kuingizwa ndani, familia nyingi za Sokon I, jijini Arusha, humkumbuka paka. Magunia yakipangwa stoo au kando ya kitanda, panya hawachelewi, na jirani mwenye watoto wa paka huombwa mmoja. Paka huyo akifika hupewa kazi, lakini chakula hapewi. Wengi huamini kwamba akishiba atalala na panya watatamba.

Imani hiyo si sahihi. Paka huwinda kwa silika hata akiwa ameshiba, ndiyo maana humchezea panya kwa muda mrefu na wakati mwingine humwacha bila kumla. Paka anayelala njaa ndiye anayezurura, kupekua majalala, kupigana na mashume wa mtaa wa pili na kula panya yeyote anayemkuta, hata yule aliyelegea kwa sumu ya jirani.

Hapo ndipo penye hatari. Baadhi ya sumu za panya huzuia damu kuganda. Panya aliyeila hafi siku hiyo hiyo. Huendelea kutembea siku kadhaa, na paka akimla anaweza kudhurika. Fizi za paka huyo hupauka, hupoteza nguvu, na huenda akatoka damu puani au kwenye kinyesi. Kumnywesha maziwa hakusaidii. Mpeleke haraka kwa daktari wa mifugo, ukibeba na pakiti ya sumu kama inapatikana, kwani sumu ya aina hii hutibiwa kwa vitamini K. Nyumba yenye paka ni heri itumie mtego, na majirani waambiwe.

Kosa jingine hutokana na huruma. Paka anachechemea au hataki kula, mama anavunja kipande cha Panadol na kumchanganyia kwenye chakula. Kidonge kimoja tu cha paracetamol cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka mkubwa, kwa kuwa ini lake haliwezi kuichakata dawa hiyo kama la binadamu. Uso na miguu huvimba, anapumua kwa shida, fizi zinageuka rangi. Dawa ya mtu asipewe paka, hata robo.

Kuhusu chakula, ugali na mchuzi havitoshi. Paka ni mla nyama, na mwili wake unahitaji taurini, kirutubisho kilichomo kwenye nyama na samaki. Akikikosa kwa muda mrefu anaweza kupofuka au kuugua moyo. Si lazima kununua chakula cha supamaketi. Dagaa waliochemshwa bila chumvi, firigisi na mioyo ya kuku vinafaa. Mchuzi wenye vitunguu usimpe, maana huharibu chembe nyekundu za damu yake. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wakubwa, hivyo bakuli liwe la maji safi.

Jina la kichaa cha mbwa nalo limewapotosha watu, wakidhani paka hahusiki. Paka aliyeng'atwa na mbwa mgonjwa huupata ugonjwa huo na kuuleta hadi sebuleni. Achanjwe akifikisha miezi mitatu, kisha arudie kila mwaka. Ratiba iulizwe kwa ofisa mifugo wa kata, hasa kuelekea Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, Septemba 28. Mtoto aking'atwa au kuparuzwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama alama ni ndogo na paka ni wa nyumbani. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa.

Mama mjamzito hana haja ya kumfukuza paka. Kinyesi chake, ambacho huweza kubeba vimelea vya toksoplasma vinavyomdhuru mtoto tumboni, kizolewe kila siku na mtu mwingine. Akipalilia mchicha avae glovu, na mboga zioshwe vizuri.

Na kwa baridi ya Juni na Julai, mwenye gari agonge boneti kabla ya kuwasha asubuhi. Paka hupenda joto la injini.