Gari Kuukuu kwa Mwenye Fedha Chache

Kila mwaka, mavuno yakiisha na fedha za mahindi, chai au kahawa zikishalipwa, watu wengi huanza kufikiri habari ya motokaa. Mkulima amechoka kulipa nauli ya matatu na kukodi pikapu ya jirani. Karani naye amechoka kuamka usiku ili awahi kazini. Hamu hiyo si ya kulaumiwa, kwa maana gari ni chombo cha kazi kama jembe na kalamu. Lakini mtu akikosea katika kununua jembe hupoteza shilingi mia chache. Akikosea katika kununua gari aweza kupoteza akiba ya miaka mitano, na pengine karo ya watoto wake pia.

Magari mengi yauzwayo nchini Kenya hayafiki yakiwa mapya. Huja kwa meli kutoka Japani hadi bandari ya Mombasa yakiwa yamekwisha kutumiwa huko, kwa sababu Wajapani, kama Wakenya, huendesha upande wa kushoto wa barabara na usukani wao uko upande wa kulia. Kwa kanuni ya Kenya gari la namna hiyo haliruhusiwi kuingizwa likiwa limepita miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza. Basi mwenye fedha chache mara nyingi hawezi kununua lililoshuka melini juzi; hununua lililokwisha kupitia mikono ya watu wawili au watatu papa hapa nchini, lenye umri wa miaka 15 au zaidi. Gari la namna hiyo si baya kwa sababu ni kuukuu. Baya ni lile lililotunzwa vibaya, na kazi ya mnunuzi ni kuyatenga hayo mawili.

Mfano wa mkulima mmoja wa karibu na Kitale utafaa. Mkulima huyo aliuza mahindi na fahali wawili, akawa na shilingi 600,000 za kununulia gari. Alikwenda Eldoret, akaona katika yadi gari kubwa jeusi, viti vyake vya ngozi, rangi yake iking'aa hata mtu aweza kujitazama uso. Bei yake ilikuwa shilingi 600,000 barabara. Dalali akamwambia kwamba mnunuzi mwingine anakuja saa nane mchana, na kwamba akitoka pale bila kulipa asilaumu mtu. Mkulima akampigia simu mpwa wake, aliye karani mjini Kitale, amsaidie kufurahi.

Mpwa hakufurahi. Alimwuliza, "Mjomba, ukimpa fedha zote hizo, bima utalipa na nini? Na tairi je?"

Mkulima akajibu, "Mwanangu, gari hili tairi zake ni nzuri. Nimeziona kwa macho yangu."

"Ngoja nifike, Mjomba," akasema mpwa. "Usitoe hata shilingi moja kabla sijafika."

Swali la yule karani ndilo la kwanza linalompasa kila mnunuzi. Bei ya gari si ile inayotajwa yadini. Sheria inamlazimu mwenye gari kuwa na bima kwa ajili ya watu wengine watakaodhurika barabarani. Kubadilisha jina la mwenyewe kuna ada yake. Na gari kuukuu, hata likiwa zuri namna gani, lataka mafuta mapya ya injini, vichujio, pengine betri na breki, katika mwezi wa kwanza. Kwa hiyo ni shauri jema mnunuzi atenge sehemu moja katika tano ya fedha zake kabla hajaanza kutazama gari lolote. Mwenye shilingi 600,000 na ajihesabu kuwa ana 480,000 za kununulia, na zile 120,000 azifunge kando. Asiyefanya hivyo huja kuegesha gari chini ya mti, akaendelea kupanda matatu kama zamani.

Tena kuna petroli. Mtu anayekwenda kilometa 40 kwa siku, kwa siku 25 za kazi, hutimiza kilometa 1,000 kila mwezi. Gari dogo liendalo kilometa 15 kwa lita litakunywa lita 67 hivi. Gari kubwa liendalo kilometa 8 kwa lita litakunywa lita 125. Tofauti yake ni lita 58 kila mwezi. Bei ya petroli hutangazwa na Serikali tarehe 14 ya kila mwezi. Mnunuzi na azidishe mwenyewe, kisha ajiulize kama mshahara wake au maziwa ya ng'ombe wake yataweza kulipa tofauti hiyo mwaka mzima.

Baada ya hesabu, mnunuzi achague aina ya gari. Hapa wazee walikuwa na busara. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, na gari la Peugeot 404 likashinda mwaka 1963, kisha mwaka 1966, 1967 na 1968. Watu walilipenda gari lile, na baadaye Peugeot 504, kwa kuwa lilistahimili barabara mbaya na mafundi walilijua. Siku hizi sifa hiyo imehamia kwa magari kama Toyota Corolla na Toyota Probox, ambayo vipuri vyake vyapatikana katika maduka ya Kirinyaga Road mjini Nairobi na katika miji midogo vilevile. Gari la fahari ambalo kipuri chake hakina budi kuagizwa ng'ambo ni mzigo kwa mtu wa fedha chache, hata akipewa kwa nusu ya bei. Wahenga walisema kwamba rahisi huvunja upishi.

Kisha huja ukaguzi. Mnunuzi aende asubuhi, kabla injini haijawashwa, wala asikubali kukuta imekwisha pashwa moto. Injini baridi haifichi ugonjwa wake. Afungue kifuniko cha mafuta ya injini na kutazama upande wa chini: akikuta utando mzito wa rangi ya maziwa, huenda maji yanachanganyika na mafuta ndani ya injini, na matengenezo yake ni ghali. Injini ikiwashwa, atazame moshi. Moshi wa samawati maana yake injini inaunguza mafuta yake yenyewe. Moshi mweupe mzito usiokwisha hata injini ikipata moto waweza kuwa ni maji ya rejeta yanayoingia ndani. Na moshi mweusi katika injini ya petroli huonyesha kwamba petroli inaingia kupita kiasi. Mvuke mwepesi wa asubuhi unaotoweka upesi usimtie mtu hofu.

Injini nyingine huendesha vali zake kwa mnyororo, nyingine kwa mkanda wa mpira. Mkanda huo katika magari mengi hubadilishwa karibu na kila kilometa 100,000, na ukikatika njiani waweza kuiharibu injini kabisa. Kwa hiyo mnunuzi aulize ulibadilishwa lini, na aombe kuona risiti. Mwenye gari aliyetunza risiti zake mara nyingi huwa ametunza na gari.

Saa inayohesabu kilometa isiaminiwe peke yake, kwa maana yaweza kurudishwa nyuma na mtu mdanganyifu. Mnunuzi atazame mpira wa pedali, usukani na kiti cha dereva. Gari linalodai kwamba limekwenda kilometa 60,000 tu, na pedali yake imelika hata chuma kinaonekana, lasema uongo. Tairi nazo zina ushuhuda wao: ubavuni huandikwa tarakimu nne, mbili za kwanza zikiwa wiki na mbili za mwisho mwaka wa kutengenezwa. Tairi iliyoandikwa 2312 ilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2012. Hata ikiwa na meno mazuri, mpira wake umezeeka. Kwa bodi ya chuma, sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa hufaa sana, kwa sababu haishiki vizuri pale ambapo shimo la ajali limejazwa kisha kupakwa rangi.

Mwisho wa ukaguzi ni kuliendesha, barabara ya lami na ya mawe. Gari livutalo upande mmoja wakati wa kufunga breki, au ligongalo usukani ukizungushwa hadi mwisho, au lishtukalo gia zikibadilika, lina deni ambalo mnunuzi atalilipa. Na fundi wa kulitazama awe wa mnunuzi, si wa muuzaji. Ujira wa fundi huyo kwa asubuhi moja ni fedha kidogo mno ukilinganisha na bei ya injini.

Hata gari likiwa zima, karatasi zake zaweza kuwa mbovu. Nambari ya chasisi iliyochongwa katika chuma cha gari lazima ilingane na ile iliyoandikwa katika hati ya umiliki, yaani logibuku. Vivyo hivyo nambari ya injini. Kumbukumbu za gari huulizwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, ijulikanayo kama NTSA, kwa njia ya mtandao wa eCitizen, na hapo jina la mwenyewe huonekana. Ikiwa gari lilinunuliwa kwa mkopo, mara nyingi jina la benki huandikwa pamoja na la mwenyewe; mnunuzi asitoe fedha mpaka benki imekubali kuondoa jina lake. Malipo yapitie benki, mkataba uandikwe na kutiwa sahihi mbele ya mashahidi, na muuzaji aanzishe kuhamisha umiliki siku ileile. Mtu akiendesha miezi sita gari lenye jina la mwingine, anatunza mali ya mwingine. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Turudi kwa mkulima wetu. Mpwa wake alifika Eldoret saa saba na nusu pamoja na fundi mmoja wa Kitale. Fundi aliomba afungue boneti na kuliendesha gari hadi njia kuu na kurudi. Dalali alikataa, alisema kwamba gari zuri kama lile halihitaji daktari. Mpwa akamgeukia mjomba wake, akamwambia kwa adabu, "Mjomba, umekwisha jibiwa."

Mkulima alirudi nyumbani amenuna, wala hakusema neno njia nzima. Ile saa nane ilikuja ikapita, na wiki iliyofuata gari jeusi lilikuwa bado lipo palepale yadini. Baada ya siku 20 walipata Probox ya mwalimu mmoja, mlango wake mmoja umekwaruzwa, risiti zake zote zikiwa ndani ya bahasha. Fundi aliikagua kutwa nzima. Walinunua kwa shilingi 455,000, wakalipa bima, wakabadilisha tairi mbili, mafuta na breki, na bado mkulima akabakiwa na fedha za mbolea. Sasa hupeleka maziwa kila asubuhi, na jirani wakimcheka kwa ajili ya ule mlango uliokwaruzwa, hujibu kwamba maziwa hayajui mlango.

Anayetaka gari mwaka huu na aanze basi mahali pale alipoanza yule karani: ahesabu fedha zake kwanza, atenge sehemu ya tano, amtafute fundi wake mwenyewe, aulize habari za gari kwa NTSA, ndipo aende kutazama. Na muuzaji akimharakisha, asiogope kurudi nyumbani kwa miguu. Magari yauzwayo ni mengi, lakini akiba ya miaka mitano ni moja.