Toeni kusi ndani ya programu

Mabeste, hizi modeli za uvuvi tunazotengeneza kwa Python zinadanganya. Boti 20, samaki kadhaa, halafu upepo umeandikwa humo humo ndani, namba moja mwaka mzima. Ukibonyeza, unaambiwa wavuvi wanatoka siku 30 kila mwezi. Majoreni hii? Mwezi wa saba upepo wa kusi umekaza, ngalawa nyingi zimefungwa kwenye mikoko, we unahesabu samaki wa nani?

Upepo utoe nje bana. Uweke kwenye faili ya CSV, kila siku na mstari wake: tarehe, upepo, bamvua au maji mafu. Modeli isome mstari mmoja kila hatua, upepo ndio uamue nani atoke. Ecopath with Ecosim, na ni ya bure, husoma data za nje hivyo hivyo. Na siku ikikosekana, programu isijaze sifuri. Sifuri ni bahari shwari! Isimame, ikuulize.

Mimi nilimsomea faili yangu mzee mmoja mvuvi, hajui Python wala hataki kuijua. Akanikatiza: “Mwanangu, siku hiyo hatukutoka, bahari ilichafuka.” Programu sikuigusa. Nilibadilisha mstari mmoja tu, hesabu ya mwezi ikashuka.