Pua Ikiziba Msimu wa Kusi: Yanayosaidia na Yanayodhuru



Dada zangu na wazazi wenzangu, kusi limeshika, asubuhi zina ubaridi, na nyumba nyingi za mwambao wetu hazikosi mgonjwa wa mafua. Mafua yenyewe kwa kawaida huondoka baada ya siku saba hadi kumi. Linalomtaabisha mgonjwa ni kuziba pua: chakula hakina ladha, usingizi haupatikani, na uso humuuma mashavuni na juu ya nyusi. Kwa kuwa twauona ugonjwa huu mdogo, twautibu wenyewe nyumbani, na hapo ndipo madhara makubwa kuliko mafua huingia.

Kwa nini pua huziba

Wengi hudhani pua imezibwa na kamasi peke yake. Ukweli ni kwamba utando laini uliomo ndani ya pua huvimba, mishipa yake ya damu ikajaa, na njia ya hewa ikawa nyembamba. Utando huohuo umeingia hadi katika mapango madogo yaliyomo ndani ya mifupa ya uso. Vitundu vyake vikizibwa na uvimbe, majimaji hukwama humo, na mtu huhisi uzito usoni, hasa anapoinama kusujudu. Kwa hiyo kupenga kwa nguvu hakufai kitu, kwani uvimbe haupengwi. Tena huweza kusukuma kamasi hadi masikioni. Penga taratibu, tundu moja baada ya jingine.

Maji ya chumvi

Dawa nyepesi na salama imo jikoni. Chemsha maji nusu lita, yaache yapoe hadi yawe vuguvugu, kisha tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisichojaa. Inama juu ya beseni, vuta maji kidogo kwa tundu moja kutoka kiganjani, yaache yatiririke nje, kisha tundu la pili. Fanya hivyo mara mbili au tatu kwa siku, na kila siku utengeneze maji mapya.

Sisi tumezoea kupandisha maji puani wakati wa kutawadha, na huenda mtu akasema maji ya mfereji au ya kisima yatosha. La. Maji ya kuosha pua kwa ndani sharti yachemshwe, kwa sababu maji mabichi yakisukumwa juu sana yaweza kuingiza vijidudu vya hatari. Ama katika udhu, mgonjwa asijilazimishe. Kwa madhehebu ya Shafi kupandisha maji puani ni sunna, basi avute kwa upole kwa kadiri awezavyo.

Sufuria ya mvuke

Kujifukiza kwa majani ya mkaratusi au mchaichai ni ada ya kale, na mvuke humburudisha mtu kwa muda. Lakini mafua hayafupiki kwa mvuke, na sufuria ya maji yanayochemka chini ya shuka imeunguza watoto wengi, wengine wakabaki na makovu maisha yao yote. Mtoto asiwekwe kabisa juu ya sufuria, hata akishikwa na mamake au bibi yake. Kitambaa kilicholowekwa maji ya vuguvugu na kuwekwa usoni, au kikombe cha chai ya tangawizi, humpa nafuu kama hiyo bila ya hatari. Usiku, inua kichwa cha mtu mzima kwa mto wa ziada. Na kwa siku hizi chache, usifukize udi wala ubani katika chumba cha mgonjwa. Moshi huzidisha uvimbe wa pua.

Dawa za dukani

Matone na dawa za kupuliza za kuzibua pua hufanya kazi upesi, na wepesi huo ndio mtego wake. Zikitumiwa kupita siku tatu hadi tano, utando huzizoea. Kila zinapokwisha nguvu, pua huvimba zaidi, na mtu hujikuta hawezi kulala bila ya kichupa. Mwenye shinikizo la damu na mama mjamzito waulize kwanza kabla ya kumeza vidonge vya mafua.

Kamasi kugeuka rangi ya kijani si hoja ya kununua antibiotiki. Rangi hiyo hutokana na askari wa mwili wanaopambana, na antibiotiki haziui virusi vya mafua.

Mtoto mchanga

Hapa ndipo pa kutahadhari zaidi. Mtoto wa miezi michache hupumua kwa pua, hivyo ikiziba hawezi kunyonya na kuvuta pumzi kwa pamoja. Kabla ya kumnyonyesha, mtie matone mawili ya maji ya chumvi ya tayari, yanayouzwa katika maduka ya dawa, katika kila tundu, ngoja dakika moja, kisha umfute. Mnyonyeshe kidogo kidogo, mara nyingi. Usimpe asali aliye chini ya mwaka mmoja, wala usimpake mafuta yenye kafuri aliye chini ya miaka miwili.

Wakati wa kwenda hospitali

Hesabu pumzi za mtoto akiwa ametulia, kwa dakika nzima. Ni za kasi zikifika 60 kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 kwa aliye chini ya mwaka, na 40 kwa wa mwaka mmoja hadi mitano. Pumzi hizo, au kifua kubonyea ndani anapovuta hewa, au kushindwa kunyonya, si mafua tena. Mpeleke mara moja, usiku au mchana. Mtoto anayetokwa na uchafu wenye kunuka kwa tundu moja tu huenda ameingiza shanga au punje puani; asichokolewe nyumbani.

Mtu mzima amwone daktari ikiwa siku kumi zimepita bila ya nafuu, au amepata nafuu kisha homa na maumivu ya uso yakarudi. Uvimbe kandokando ya jicho, au kichwa kuuma vikali pamoja na shingo kukakamaa, havingojei hata asubuhi.

Mwisho, tuwafundishe watoto wetu adabu ya Mtume (s.a.w.), aliyekuwa akifunika uso wake kwa mkono au nguo anapopiga chafya. Ni sunna, na ni kinga kwa jamaa wote wa nyumba.

Allah awaponye wagonjwa wetu. Wabillahi taufiq.