NANI ASEMA RUNGWE ILIANZA MWAKA 1891?



Yako maneno tuliyoyasikia tangu tukiwa watoto wa shule, na hata leo hayajafa. Husemwa kwamba watu wa Rungwe walijificha nyuma ya milima yao, hawaijui bahari wala dunia haiwajui, mpaka wamisionari wa Moravian walipofika mwaka 1891, na Mjerumani akajenga boma lake Tukuyu. Eti ndipo historia yetu ilipoanza! Sisi twasema huo ni uongo, tena ni uongo wenye kazi yake. Mtu akiamini kuwa hakuwa na kitu mpaka aliposhikwa mkono, atangoja kushikwa mkono maisha yake yote.

Tuanze na shamba. Mgomba unaozunguka nyumba ya Mnyakyusa asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Ulifika Afrika zamani sana, kabla Mreno hajaiona pwani yetu. Mahindi, maharage, karanga na viazi vitamu asili yake ni Amerika, vikavuka bahari baada ya mwaka 1492. Nani alivieneza barani? Hakuna gavana aliyetoa amri, wala bwana shamba aliyekuja kufundisha. Ni wakulima, mkono kwa mkono, shamba kwa shamba. Joseph Thomson alipopita kwetu mwaka 1879, miaka 12 kabla ya misheni, aliikuta migomba imestawi akaistaajabia.

Ndugu zetu Wangonde nao wana ushahidi. Mapokeo yao, aliyoyaandika Godfrey Wilson mwaka 1939, yanaeleza jinsi Kyungu, mtawala wao, alivyopata nguo kwa pembe za ndovu zilizovushwa Ziwa Nyasa kwenda mashariki. Na mashariki ndiko iliko pwani!

Huko pwani, Kilwa ilikuwa mji mkubwa. Ibn Battuta aliuona mwaka 1331 akausifu. Dhahabu ya Sofala na pembe za bara zilitoka. Nguo za Gujarati na vyombo vya China viliingia. Mwafrika, Mwarabu na Mhindi walipatana bei, na hakuna aliyeitawala bahari ile peke yake.

Kisha zikaja meli zenye mizinga. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii mwenyeji hakupona! Mwaka 1502 Vasco da Gama aliitoza Kilwa dhahabu kwa vitisho. Mwaka 1505 Francisco de Almeida akauteka mji na kuupora. Dhahabu ile ya kodi ikafuliwa chombo cha ibada, kikamalizika mwaka 1506, na mpaka leo kimo katika jumba la makumbusho mjini Lisbon. Wareno walituachia pia neno gereza, ambalo kwao lilikuwa na maana ya kanisa. Ndugu msomaji, pima mwenyewe wazee wetu waliona nini.

Lakini tusijidanganye. Ubaya haukuletwa na mgeni peke yake. Mwaka 1776 Mfaransa Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa auziwe watu 1,000 kila mwaka, piasta 20 kwa kichwa. Mnunuzi alitoka mbali. Muuzaji alikuwa wa hapa hapa. Hatutamficha huyu ili kumlaani yule.

Basi tunajifunza nini? Bahari si adui, na biashara si adui. Chakula chetu chenyewe ni mtoto wa bahari. Adui ni mizani iliyoshikwa na mtu mmoja, awe na mzinga au awe na kalamu. Hata sasa sehemu kubwa ya kahawa ya Tanzania huvuka bahari ikiwa mbichi, na faida ya kuikaanga na kuifungasha hubaki ng'ambo. Mkulima wa Rungwe ana haki ya kuuliza: nani anapima? Nani anapanga bei? Na akiuliza, asiambiwe kwamba biashara ni jambo geni kwake!

Walimu, fundisheni watoto kwamba mwaka 1891 wageni waliikuta Rungwe, hawakuianzisha. Wazee, simulieni mbegu zilikotoka. Wanachama, lipelekeni neno hili katika kila tawi. Asiyejua alikuwa nani jana, kesho atapangiwa bei.

Umoja ni nguvu!