Siku Umeme Ulipokatika Cannes

Tukiwatazama nyota wa sinema katika tamasha la Cannes, Ufaransa, twadhani hawajui adha. Mei 1955 Grace Kelly, aliyekuwa ametoka kupata tuzo ya Oscar, alikuwa huko. Siku ya kwenda kuonana na Mwana Mfalme Rainier wa Monaco, umeme ukakatika kwa sababu ya mgomo. Nywele mbichi, pasi haipati moto! (Mimi na pasi yangu ya mkaa ningemsaidia.) Akavaa gauni la maua lisilokunjamana, akabana nywele, akaenda.

Aprili 1956 walifunga ndoa, naye akaacha kuigiza. Mwaka 1962 alikuwa na watoto wawili, mwongozaji Hitchcock alipomwita tena. Akakubali, watu wa Monaco wakanung'unika. Ikabidi amwandikie Hitchcock kwamba moyo unamuuma kuiacha filamu hiyo. Mama uliyeacha kazi ukalea, barua hiyo waijua.