Mtihani wa Programu na Haki ya Kusahihisha

Mtihani ndio hutawala darasa. Kisichotahiniwa aghalabu hakifundishwi, hata kama mtaala umekitaja. Ukweli huu unadhihirika katika Sayansi ya Tarakilishi A, mojawapo ya kozi za Advanced Placement ambazo wanafunzi wa shule za upili nchini Marekani husoma kwa kiwango cha chuo kikuu.

Mtihani wa kwanza wa somo hilo ulifanywa mwaka wa 1984 kwa lugha ya Pascal. Baadaye iliingia C++, kisha Java kuanzia mwaka wa masomo wa 2003/2004. Mabadiliko hayo yanathibitisha kuwa lugha ya programu ni chombo tu. Kinachodumu ni fikra. Watahini wenyewe wanalikubali hilo: mtahiniwa aliyesahau nukta-mkato haadhibiwi iwapo nia yake ni bayana. Huo ni uamuzi wa busara, na walimu wa sarufi wana la kujifunza kutokana nao.

Hata hivyo, kasoro kubwa imesalia. Kwa miaka mingi programu ziliandikwa kwa mkono karatasini. Tangu Mei 2025 mtahiniwa huandika kwa tarakilishi, lakini hawezi kuiendesha programu yake ili aone inapokwama. Ni kama mpishi anayepakua chakula alichokatazwa kuonja. Ilhali sehemu kubwa ya kazi ya mwandishi wa programu ni kutafuta kosa na kulirekebisha.

Yamkini watetezi wa utaratibu huo watasema kuwa kazi inayofanywa nje ya chumba cha mtihani huweza kuandikwa na mkono mwingine. Hoja hiyo ina uzito, ila dawa yake ipo. Katika kozi ya pili, Kanuni za Sayansi ya Tarakilishi, mwanafunzi huunda programu yake darasani kwa asilimia 30 ya alama, na tangu 2024 hujibu maswali kuihusu siku ya mtihani. Hapa Kenya nako, somo la Tarakilishi katika KCSE limekuwa na karatasi za nadharia na vitendo, pamoja na mradi.

Basi kozi A nayo iongezewe mradi ambao mwanafunzi ataufafanua mbele ya msimamizi. Wahenga walinena kuwa kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Mtihani usiomwonyesha mtahiniwa kosa lake humnyima nafasi ya kutolirudia.