Matundu Madogo ni Poa, Lakini Tunafika Lini?

Wasee, siku hizi umio wenye kansa unaweza kutolewa bila kupasuliwa kifua kizima. Daktari anatoboa matundu machache mbavuni na tumboni, anaingiza kamera na vyuma vyembamba, anakata sehemu mbovu, halafu tumbo lenyewe linashonwa kama bomba na kuvutwa juu liunganishwe. Eeh, chakula kinakuwa kinashukia kifuani. Noma.

Na si mbwembwe. Utafiti wa Ulaya uliotoka kwenye The Lancet mwaka 2012, wagonjwa 115, ulionyesha kwamba wiki mbili za kwanza asilimia 29 ya waliopasuliwa kwa njia ya zamani walipata maambukizi ya mapafu. Wa matundu? Asilimia 9. Jaribu kukohoa na mbavu zimeshonwa, utaelewa.

Sasa, kuna watu wakisikia hivyo wanataka kila kaunti iletewe hizo mashine. Mimi nakataa. Hii ni operesheni ngumu, na daktari anayeifanya mara moja kwa mwaka simtaki karibu na mzee wangu. Ziwekwe hospitali chache, zifanywe nyingi huko. Kitu cha kusambaza kila kaunti ni ile kamera ya kuingizwa kooni, endoskopi, inayochukua kipande kikapimwe. Dakika chache tu.

Kwa sababu shida yetu ni kuchelewa. Ugali unakwama, mtu anausukuma na maji. Baadaye anahamia uji. Kemisti anamuuzia dawa ya asidi, jirani anasema ni vidonda vya tumbo, miezi inaenda. Akifika hospitali kansa imeshasambaa na hayo matundu hayamsaidii tena. Anawekewa stenti, kale kabomba ka wavu kanakofungua njia ameze. Tenwek kule Bomet wamezifanya kwa miaka mingi. Inampa mtu chakula, lakini kansa haitoki.

Na usidhani ni ya wazee pekee. Madaktari wa Tenwek waliandika mwaka 2010 kuhusu wagonjwa wa miaka 30 kushuka chini. Hiyo ni rika letu, buda.

(Chai pia ipoe kidogo. Vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 viliorodheshwa na shirika la utafiti wa kansa la WHO mwaka 2016 kuwa huenda vinasababisha kansa hii.)

Kama kuna mtu kwenu ameanza kuteremsha kila tonge na maji, wiki hii ulizia endoskopi iko hospitali gani na ni pesa ngapi.